Picha za Wachumba Chini ya Uluguru

Miaka ya sabini ya karne iliyopita, nilipoingia kujifunza upigaji picha katika studio moja ya mjini Morogoro, picha ya wachumba ilikuwa kazi ya ndani, ya kuta nne na pazia moja, yenye kanuni zisizoandikwa popote ambazo kila aliyeingia, awe mkulima aliyeshuka na ndizi zake kutoka Matombo au karani wa reli aliyevaa suruali ya bugaluu, alizifuata kwa taadhima kana kwamba alifundishwa na wazazi wake. Mwanamume aliketi na mwanamke akasimama ubavuni pake, au walisimama wote wawili na baina yao pakaachwa nafasi ya kupitisha mkono. Nyuso zilielekea kamera bila kicheko. Na mkono wa kushoto wa binti, ikiwa pete imekwisha kuvalishwa, uliwekwa juu ya mgongo wa kiti ili pete ionekane. Aghalabu hawakuja peke yao. Alikuja shangazi, akaja mshenga, na kwa Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru iliyo juu ya mji, akaja mjomba, ambaye mara nyingi ndiye aliyepewa kiti, wachumba wakasimama nyuma yake kulia na kushoto, hata mgeni asiyejua mila zetu angedhani kwamba picha ile ni ya mzee yule, na vijana wale wawili wamealikwa kumsindikiza.

Wala mgeni huyo asingekuwa mbali na kweli. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ya mlimani hurithiwa kwa njia hiyo hiyo, na neno la mjomba katika posa ya mpwa wake lina uzito ambao baba mwenyewe huuheshimu. Uchumba ulikuwa ahadi ya koo mbili, iliyotanguliwa na mshenga, barua ya posa, kishika uchumba, na mazungumzo marefu juu ya mahari, mkaja wa mama na kilemba cha mjomba. Na baada ya hayo yote ndipo picha ilipokuja, kama muhuri juu ya hati. Kwa sababu hiyo tulichapa nakala mbili daima, moja ikaenda upande wa mume na moja upande wa mke. Serikali nayo haikuidharau ahadi hiyo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa haki ya kudai fidia mahakamani, na ikaruhusu kudaiwa kwa zawadi zilizotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa. Nimewahi kuona picha ya studio yetu ikitolewa katika kikao cha wazee, ikapitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeishika akatazama kwanza ni nani waliosimama pamoja na wachumba, ndipo akawatazama wachumba.

Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu wa maneno machache na jicho kali. Siku zote aliniambia, "Tazama mikono kwanza, mwanangu, uso wataupanga wenyewe." Nilikaa muda mrefu nikimtazama kabla sijafahamu kina cha agizo lile. Mtu aingiapo studio hujua kuutawala uso wake, maana ameutazama kiooni tangu utotoni, lakini mikono yake hakupata kuitazama, na papo hapo taa zinapowashwa huihisi kuwa mizito na mingi kupita kiasi, akaifumba ngumi, au akaiacha ining'inie, au akaifutia jasho kwenye nguo. Mzee alimpa binti kitambaa cha mkononi akishike, akampa kijana kofia au kitabu, akasubiri hadi vidole vilipolegea. Kisha akamtaka kila mmoja auegemeze uzito wa mwili juu ya mguu wa nyuma, bega moja likarudi kidogo, kidevu kikateremka kadiri ya upana wa kidole. Ikiwa mmoja ni mfupi sana kuliko mwenziwe, palikuwa na kisanduku cha mbao cha kumwinua, na kamera ikakata picha juu ya magoti ili siri ile isionekane.

Ukali wa kanuni hizi ulikuwa na sababu nyingine, nayo ni iktisadi. Kamera yetu ilikuwa Yashica ya macho mawili, yenye kutumia filamu ya namba 120, ambayo hutoa picha 12 tu za mraba. Na mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita vya Uganda na katika uhaba uliolikumba taifa, filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha zikawa adimu kama sukari na sabuni. Mpaka baina yetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 usifunguliwe hadi 1983, na njia ya Nairobi, ambayo ingalituletea bidhaa hizo, ikawa haipitiki. Katika hali hiyo wachumba walipigwa picha moja, na ile moja ikawa ndiyo. Kila kitu kilipangwa kwanza kwa macho, kikapimwa, kikarekebishwa, watu wakaambiwa wasipepese, ndipo kidole kikabonyeza. Vijana wa leo wanaozitazama picha zile na kuuliza mbona babu na bibi walikuwa wakali hivyo, wajue kwamba walikuwa wamezuia pumzi kwa hiari ili filamu ya mwenye studio isipotee bure, na katika kule kuzuia pumzi mna adabu ambayo mimi naipenda mpaka sasa.

Studio za namna yetu zilikuwa tawi la mti mkubwa. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na wenyeji wa Mji Mkongwe walipigwa picha mle kizazi baada ya kizazi. Na kule Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akawapiga watu uani kwa nuru ya jua, nyuma yao akitundika shuka la nakshi. Picha za Keïta nilikuja kuziona nikiwa mtu mzima, nazo zilinipa ilhamu kubwa, kwa kuwa zilinithibitishia kwamba heshima ya mkao haitokani na kuta wala taa za umeme, na kwamba fundi anayeijua nuru ya nchi yake aweza kuutoa mkao ule nje bila kuuvunja.

Ilinilazimu kulijua hilo, maana mambo yalibadilika kwa kasi. Biashara ilipofunguliwa katika nusu ya pili ya miaka ya themanini, filamu za rangi zilijaa madukani, zile za mkanda mwembamba zenye picha 36, na wapiga picha wa kuzunguka wakatokea kila mtaa, kamera shingoni. Mwaka 1994 televisheni ilianza Tanzania Bara, na pamoja nayo zikaingia majumbani taswira za wapenzi wa nchi nyingine, wakikumbatiana ufukweni na kukimbizana bustanini. Sendofu zikawa kubwa, kamati za harusi zikataka picha za kuonyesha ukumbini, na wachumba wakaanza kuja studio peke yao bila mshenga, wakiwa na ukurasa wa gazeti uliokatwa, wakisema, "Mzee, tunataka hivi."

Rangi yenyewe ilitupa mtihani. Kwa miongo mingi maabara za dunia zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak iliyokuwa na sura ya mwanamke mweupe, na picha za watu wetu zilitoka zimepauka au zimekolea wekundu usiokuwa wao, hususan binti alipovaa nguo nyeupe. Hapo nililazimika kukielewa vema kipimo cha nuru, ambacho hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina weusi wa wastani: kikielekezwa kwenye gauni jeupe hupunguza nuru na nyuso huzama gizani, na kikielekezwa kwenye uso mweusi huongeza nuru hata uso ukaonekana wa majivu. Nikajizoeza kupima uso, kisha kupunguza kidogo, ili weusi ubaki kuwa weusi wenye uhai. Na shuka jeupe la kawaida, likishikwa na msaidizi chini ya kifua cha wachumba, liliyarudishia macho nuru yao kuliko taa yoyote niliyopata kununua. Kijana yeyote aipendaye kazi hii na ajifunze hilo kabla ya yote, kwa kuwa kumpiga mtu picha ukamtoa katika rangi aliyoumbwa nayo ni kumpunguzia haki yake.

Kuhusu makumbatio yenyewe, sikuyakataa. Lakini liko swali moja lililoniongoza tangu lilipoulizwa. Katika kabati la kioo mbele ya studio niliyokuja kuifungua baadaye, nilikuwa nimetundika picha ya wachumba, binti amelaza kichwa kifuani pa kijana, macho yamefumbwa. Mzee mmoja aliyeshuka kutoka Kinole alisimama mbele yake kwa kitambo, kisha akaingia ndani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaelekeza bakora yake kabatini, akauliza, "Hawa wamekwisha kufunga ndoa?" Nikamwambia bado, ni wachumba. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Basi mbona picha imetangulia?"

Hakusema kwa hasira, wala hakuitaka picha iondolewe. Tangu hapo, kila nilipowapanga wachumba, nilijiuliza kama picha ninayotaka kuipiga imetangulia mahali ambapo wenyewe hawajafika. Na nikaona kwamba aghalabu wanaoiga kumbatio la gazetini huonekana kuwa mbali zaidi kuliko wale waliosimama wameachana kwa hatua moja, maana mwili ulioamrishwa kukaribia hukakamaa, na kamera haikosi kuona ukakamavu huo shingoni na viwikoni.

Mlima ndio ulionifunulia njia. Wachumba walipoanza kutaka kupigwa nje, kwanza Rock Garden penye mawe na maji, kisha kwenye bwawa la Mindu, kisha juu Morningside, kwenye nyumba ya kale iliyojengwa enzi ya Wajerumani, niligundua kwamba Uluguru inafanya bila jitihada kazi niliyoifanya studio kwa taabu. Mteremko ulichukua nafasi ya kisanduku cha mbao: mrefu asimame upande wa chini, mfupi upande wa juu, na macho yao yakutane sawasawa. Mji uko upande wa kaskazini-magharibi wa milima, kwa hiyo jua la jioni hupiga miteremko iliyotuelekea na kuipa dhahabu, ilhali mchana wa saa sita huwatia watu giza machoni, nami nikawakimbiza chini ya mwembe. Na wingu linapokishika kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kisha likatandaa hadi mabondeni, nuru hulainika kiasi kwamba hakuna tena uso mgumu kuupiga.

Zaidi ya hayo, njia ya mlimani humpa mtu jambo la kutenda. Niliacha kuwaambia wachumba "shikaneni"; niliwapa kikapu wakibebe wawili, au nikawataka wavuke kijito kwenye mawe, na kijana akanyoosha mkono mwenyewe pale penye utelezi, binti akaupokea, na mkao huo hakuna mzee awezaye kuulaumu. Niliacha pia kumwambia mtu acheke. Niliwauliza ni nani kati yao alimwona mwenziwe kwanza, na ni wapi. Na kabla hawajanijibu walitazamana, kila mmoja akitaka kujua mwenziwe atasema nini, na katika kutazamana kule ndimo ilimokuwa picha.

Kazi iliyonifundisha kuliko zote ilikuwa ya wachumba Waislamu ambao wazee wao, na wao wenyewe, hawakuridhia wagusane kabla ya nikahi. Niliwasimamisha katika mlango wa nyumba ya kina binti, yeye ndani ya kizingiti na kijana nje, mama na shangazi wakiwa wameketi mkekani nyuma kidogo. Kijana aliangalia chini. Binti alikuwa akitazama mlangoni, kwa mbali akitabasamu. Katika picha zote nilizopata kupiga, hiyo ndiyo niionayo kuwa kamili, na inazishinda za Morningside, kwa kuwa ile nafasi baina yao iliieleza ahadi yao wazi kuliko ambavyo kumbatio lingeweza.

Siku hizi simu hupiga picha mamia kwa jioni moja, na wapo vijana wa Morogoro wanaozipiga kwa ustadi ambao mimi sikuufikia. Siwalaumu kwa lolote katika mikao yao. Jambo moja tu linanisikitisha: wachumba hurudi kutoka mlimani na picha mia tatu, wakazipeleka mitandaoni usiku uleule, na mama wa binti, ambaye hana simu ya namna hiyo, asipate hata moja ya kuweka ukutani. Baadaye simu huibiwa au huharibika, na uchumba ule ukabaki bila taswira katika nyumba zote mbili.

Kwa hiyo nawasihi, ninyi mnaochumbiana na ninyi mnaowapiga: pigeni mtakavyo, lakini chapisheni mbili. Andikeni kwa nyuma majina, mahali na tarehe kwa wino usiofutika. Moja ipelekeni upande wa mume, moja upande wa mke. Na kama mjomba yuko hai, mwiteni naye, mmpe kiti.