Karibu, Chozi

Mpenzi msomaji, naanza na habari mbaya. Yule ndege mdogo wa kwenye televisheni, anayesimama hewani kama helikopta huku akinyonya ua, Afrika hayupo. Kwao ni mabara ya Amerika tu. Sisi tuna chozi, na kwa urembo wala hatuna cha kuonea wivu.

Kwa wakwe zangu Marangu, chozi wanafika hadi mlangoni. Kihamba cha Kichaga kina migomba na kahawa pamoja, na ua la mgomba ndiyo baa yao. Utamkuta dume kaning'inia kichwa chini, miguu juu, mdomo wake uliopinda umezama ndani, mgongo unametameta kijani. Yeye mara nyingi hutua kwanza ndipo anywe, kwa hiyo anahitaji kitu cha kushika. Huko juu ya Kilimanjaro, kupita mita 3,500, yupo ndugu yake anayekunywa kwenye lobelia kubwa. Baridi ya huko nakuachia wewe.

Tuliporudi Dar ubishi ukaanza. Mume wangu alitaka uwanja wote wa mbele uwekwe vitofali, magari mawili yaingie. Mimi nilitaka maua. Tukagawana: getini vitofali, dirishani kwa jikoni mishubiri, haibiskasi nyekundu na mgomba mmoja. (Kama unaishi ghorofani, ndoo moja ya mshubiri kibarazani si haba.)

Kasheshe ilikuwa dawa ya wadudu. Mwenzangu kila Jumamosi lazima apulize, yaani kama ibada! Sasa, chozi mkubwa hunywa maji matamu ya maua, lakini makinda hulishwa wadudu na buibui. Hata kiota, kile kimfuko kinachoning'inia, hufungwa kwa utando wa buibui. Ukipuliza kila kona na kufagia kila utando, umemkaribisha mgeni soda huku watoto wake wanalala njaa. Tulizungumza siku tatu. Tukakubaliana dawa iishie ndani, nje marufuku, na dada wa kazi akaambiwa aziache tando za barazani.

Sasa hivi kuna kiota kwenye kamba ya kuanikia nguo. Jike amekijenga peke yake, dume ameanza kuonekana wakati wa kulisha. Nimemwambia mume wangu asije akaiga hilo. Nguo tunaanika kwa jirani.