Kipande cha Dada

Baba alipofariki kule Muyinga, aliacha shamba na neno la mdomo: kipande cha bondeni, penye migomba, ni igiseke cha dada yetu, alime na kula maisha yake yote. Tulipogawana, kipande kile kiliangukia fungu langu, nikakichukua. Dada alilia. Mimi nikasema ndiyo mila, nikarudi Gitega kwenye duka langu.

Mungu amenijalia mabinti tu. Ugonjwa uliponilaza hospitali, nilimtazama mke wangu kando ya kitanda nikajiuliza: nikifa, ndugu zangu watamfanyia nini? Jibu nililijua. Nilikuwa mmoja wao.

Nilipopata nafuu nilimwendea wakili, nikitaka aniandikie wasia siku hiyohiyo. Hakugusa kalamu. Aliuliza kwanza ndoa yetu imeandikishwa wapi. Ilikuwa ya kidini tu. Hata mwaka 2017, serikali ilipowataka wanaoishi pamoja wahalalishe ndoa kabla ya mwaka kwisha, nilipuuza. Akanieleza kwamba Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi. Katiba inasema sote ni sawa, lakini mashamba hugawanywa kwa mila, na mke asiyejulikana komuni hana pa kushika. Basi tukaanzia komuni, tukaandikisha ndoa. Kama nawe uko nilipokuwa, anzia hapohapo.

Likabaki shamba. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 inaruhusu komuni kutoa cheti, lakini sharti majirani wasimame shambani wathibitishe mipaka. Ndugu zangu walikataa katakata. Mmoja alisema najitabiria kifo. Karibu nikate tamaa. Ndipo nikampigia dada, nikamwomba msamaha, nikamwahidi kipande chake kitapimwa kwanza, kwa jina lake.

Alikuwa na kila haki ya kukata simu. Siku ya kupima alifika kabla yetu sote, kanga kiunoni, akapita mnyaa baada ya mnyaa aliopanda baba, akiwatajia wazee mpaka wa kila mtu. Alipofika kwenye fungu langu aligeuka: "Hapa andikeni na wifi yangu."

Wakaandika. Wasia niliutia saini baadaye, mbele ya notari. Kaka yangu mkubwa bado hasemi nami. Namwombea, kwa kuwa mimi nilisamehewa makubwa zaidi.