Siri Tuliyoificha Nyumbani

Wengi wetu tuna kovu dogo kwenye bega la kulia. Ni alama ya BCG, chanjo ya kifua kikuu tuliyopewa tukiwa wachanga. Mimi kidonda changu kilipona upesi. Cha mdogo wangu hakikupona.

Alipofika miezi minne alitoka uvimbe kwapani, ukapasuka na kutoa usaha. Homa nayo haikumwacha. Pale Nansio majirani walilaumu sindano. Shangazi akasema ni uchawi uliotoka kwao mama. Mama alilia tu. Basi tukapanda meli kwenda Mwanza, mimi nimebeba kikapu.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mama, amepata kuwapo mtoto mwingine aliyeugua hivi?" Mama akainama. Kaka yetu alikufa kwa uvimbe kama huo, lakini nyumbani tulikatazwa kumtaja. Moyo ulinienda mbio, nikasema, "Alikuwapo, Daktari. Alikufa."

Nilidhani nitakemewa, lakini daktari alinishukuru. Akatueleza kuwa chanjo ile ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Chembe za kinga huvimeza, na chembe nyingine huzipelekea ishara, iitwayo interferoni, ya kuviua. Watoto wachache sana huzaliwa na kasoro: ishara haitumwi au haipokelewi, na vijidudu hivyo dhaifu huwashinda. Mwaka 1996 wataalamu walitangaza kasoro ya namna hiyo waliyoiona kwa watoto wa Malta na mtoto wa Tunisia. Mara nyingi baba na mama wote wawili huibeba nao ni wazima. Kila mimba ikiingia, kuna uwezekano wa moja katika nne mtoto kuirithi. Alishuku kuwa ndivyo ilivyo kwetu. "Si uchawi," alisema, "wala si kosa la mama."

Mama aliinua uso, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Mdogo wangu alimeza dawa za kifua kikuu kwa miezi mingi, na sasa anafukuza bata ufukoni. Mama alipojifungua tena, baba mwenyewe alimweleza muuguzi habari zetu kabla ya sindano, nao wakangoja kwanza shauri la daktari.

Wenzangu, chanjo hii huokoa watoto wengi, tusiikimbie. Lakini tukiulizwa na daktari, tuseme. Wazee hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.