Kisanduku Kinachokanyagwa na Wote

Mpiga gita husifiwa, mwimbaji hushangiliwa, na mpiga ngoma hutuzwa franga mbele ya watu wote. Nani amepata kukisifu kile kisanduku cha chuma kilalacho chini, katikati ya nyaya, mbele ya miguu ya wachezaji? Hakuna. Lakini kisanduku hicho kikinyamaza, gita nalo lanyamaza, na sifa zote zaisha palepale. Mafundi wa sauti hukiita D.I. Nataka kukisema leo, kwa sababu vijana wa orkestra za hapa Lubumbashi huja kwangu na feza walizochanga kwa shida, wakiniuliza: «Papa, tununue kipi?»

Kwanza yafaa kujua kazi yake. Gita la umeme hutoa sauti dhaifu sana, nayo hupita katika waya wa kawaida. Waya huo ukizidi mita 5 au 6, sauti za juu zaanza kufifia, na mngurumo wa umeme waingia. Lakini meza ya fundi wa sauti huwa mbali, pengine mita 30 na zaidi. Basi kisanduku hupokea sauti ya gita, huigeuza iwe mfano wa sauti ya mikro, kisha huituma katika waya wenye nyuzi mbili. Uzi wa kwanza wabeba sauti. Uzi wa pili wabeba sauti ileile iliyopinduliwa. Uchafu wa njiani waingia katika nyuzi zote mbili sawasawa. Kule mezani, kilicho sawa katika zote mbili chaondolewa, na sauti ya gita yabaki safi.

Zamani haja hiyo haikuwako. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, gita lilikuwa la mbao tupu, na mikro mbele yake ilitosha. Baadaye magita ya umeme yakaenea. Katika miaka ya 1960, huko Detroit, Marekani, studio ya Motown ilipitisha besi ya James Jamerson moja kwa moja hadi meza ya sauti, pasipo kuweka mikro mbele ya ampli. Leo hata orkestra ndogo ya mtaani yafanya vivyo hivyo kwa besi na kinanda.

Visanduku ni vya namna mbili. Namna ya kwanza haina haja ya umeme wowote: ndani yake mna transfoma tu, yaani nyaya nyembamba zilizozungushwa juu ya chuma. Namna ya pili yadai umeme wake, ama volti 48 zinazotoka mezani kwa waya uleule wa sauti, ama betri ndogo ya volti 9.

Ipi ni bora? Tazama chombo chenyewe. Kinanda, kompyuta, na besi yenye betri ndani yake hutoa sauti yenye nguvu. Hivi vyapatana vizuri na kisanduku cha transfoma. Lakini besi ya zamani isiyo na betri hulemewa upesi. Vilevile gita la mbao lililotiwa kidude cha kunasa sauti chini ya daraja la nyuzi, bila kikuza sauti chake. Hivi vyataka kisanduku cha umeme, kilichoandikwa ohm milioni 1 au zaidi mahali pa kuingizia. Ukivitia katika kisanduku cha transfoma hafifu, sauti yatoka imekauka kama muhogo wa juzi.

Basi tuje kwenye udumifu, ambao ndio shabaha yangu. Wauzaji husifu uzuri wa sauti, nao hawasemi uongo daima. Lakini hapa kwetu kisanduku hakifi kwa sababu ya sauti mbaya. Kinakufa kwa mguu, kwa vumbi, kwa mvua, na kwa kamioni. Tangu mwezi wa Mei hadi Septemba vumbi jekundu la Katanga laingia katika kila tundu. Mvua ikianza, jukwaa la nje lalowa kabla hatujakusanya vitu. Na njia ya kwenda Kolwezi, masanduku yakirukaruka nyuma ya gari, ni mtihani mkubwa kuliko wimbo wowote.

Nilikuwa mezani kwenye arusi moja ya Likasi. Orkestra iliyoalikwa ilikuja na kisanduku chepesi cha plastiki. Bibi-arusi alipokuwa akiingia, mcheza dansi mmoja alikanyaga waya wa kinanda, na kinanda kikanyamaza. Watu wakageuka kumtazama kijana wa kinanda, naye akawa akigandamiza vidole bure, jasho likimtiririka. Kesho yake nilikifungua kile kisanduku. Tundu la jeki lilikuwa limelehemiwa juu ya kibao cha ndani, bila nati ya kulishika kwenye ubavu wa kisanduku. Kwa hiyo kila mvuto wa waya ulikuwa ukivuta kibao chenyewe, mpaka kikapasuka. Kijana hakuwa na kosa. Chombo kiliundwa kwa ajili ya meza ya nyumbani, si kwa jukwaa.

Kwa hiyo, unapokwenda dukani, fanya hivi. Kwanza, shika ganda lake. Liwe la chuma kinene au la aluminiamu nzito, nawe ukisimama juu yake lisibonyee. Pili, chomeka jeki na kuitikisa. Tundu lisicheze, liwe limefungwa kwa nati au skurubu kwenye ganda lenyewe. Tatu, tazama swichi. Zilizochomoza nje huvunjwa na viatu. Zilizozama ndani ya ganda huishi. Nne, uliza kama chafunguka kwa skurubu za kawaida. Kisichofunguka hakitengenezeki, na chombo kisichotengenezeka ni cha kukodi, hata kama umekinunua. Tano, kama ni cha betri, uliza kama chakubali pia volti 48 za mezani, maana betri huisha katikati ya wimbo, haichagui siku. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usivutwe na rangi.

Wataka mifano? Radial JDI, inayotoka Kanada, ni ya transfoma, nayo imevikwa chuma kinene. Countryman Type 85, ya Marekani, ni ya umeme, ndani ya ganda la aluminiamu. Hizo ni ghali, wala si lazima ununue hizo. Lakini ukiwa umeona jinsi zilivyoundwa, utaweza kupima zile za bei ndogo kwa macho yako mwenyewe.

Kuna swichi moja ambayo nakataza kununua kisanduku kisicho nayo. Ni ile ya kuondoa mngurumo. Ampli na meza zikichomekwa mahali mbalimbali, mara nyingi mngurumo mzito waingia katika mabafle. Vijana wengi wakiusikia hukimbilia koleo, wakakata pini ya ardhi ya plagi ya ampli. Mngurumo wakoma, nao wafurahi. Jamani, wamekata kamba ya uzima wao! Pini ile ndiyo njia ya umeme uliopotea. Ikikosekana, umeme ule wangoja mkono wa mtu. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea, nchi ya Wales, Leslie Harvey, mpiga gita wa orkestra Stone the Crows, alishika mikro isiyofungwa vema na ardhi huku gita lake li mikononi. Alikufa mbele ya wasikilizaji, mwenye miaka 27.

Swichi ya kisanduku yakata ganda la waya wa sauti peke yake. Ardhi ya umeme haiguswi. Mara nyingi mngurumo wakoma kwa kuibonyeza, bila koleo. Lakini msidhani kwamba kisanduku ni ngao. Ikiwa tundu la ukutani ni bovu, au jenereta haikufungwa vizuri, kisanduku hakitamwokoa mtu. Mwite kwanza fundi wa umeme, kisha mpige muziki.

Feza zikitosha visanduku viwili tu, chukueni kimoja cha transfoma kwa kinanda, na kimoja cha umeme kwa besi. Zikitosha kimoja, kiwe cha chuma, hata kama mashati ya orkestra yatangoja mwaka ujao. Najua vijana wengi hupenda kuanza na mashati. Lakini shati lachakaa kwa miaka miwili, na kisanduku kizuri chaweza kupita kwa kaka hadi mdogo wake. Kwenye kabati langu mna kimoja kilichokwaruzwa pande zote, rangi imekwisha, maandishi hayasomeki. Jumamosi hii chaenda tena kazini.