Chenso Iliyotoka Ifakara

Mafinga pua hutangulia macho. Ukishuka stendi tu unapokelewa na harufu ya utomvu wa paini, na nyuma yake moshi wa maranda yanayochomwa kando ya mashine za kupasulia. Shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, ndilo linalotulisha: wapasuaji, wapakiaji, madereva wa malori, mama lishe, na sisi wa mwisho kukumbukwa, mafundi wa chenso.

Kazi hiyo nilijifunzia kwa mjomba. Kwake mwanafunzi hakugusa injini kirahisi. Kwanza ulinoa cheni kwa tupa ya duara mpaka vidole vikaota sugu, ukaosha filta za hewa, ukabadilisha kamba za stata. Injini ilikuwa ya mjomba peke yake, na aliifungua akiwa ametupa mgongo, makusudi kabisa, nadhani, ili tuitamani.

Kisha ikaletwa ile Husqvarna 272. Mwenye nayo, mfanyabiashara wa mbao, aliinunua mkononi mwa mtu, akampa opereta wake ashuke nayo kukata misaji Bonde la Kilombero. Ilirudi imenoki. Ukivuta kamba, haisogei hata kidogo. Tajiri hakuwa na haja ya fundi kumweleza sababu. "Kaweka petroli tupu huyu, oili kainywea pombe. Nitamkata kwenye hela yake." Opereta alikuwa amesimama palepale, mtu mzima mwenye watoto, akajibu mara moja tu kwamba oili aliweka.

Walipoondoka, mjomba akanisogezea mashine. "Anko, hii fungua wewe. Ila usiniambie imekufaje mpaka uione."

Nilitafuta treya ya mayai. Kila skrubu niliyotoa niliiweka kwenye shimo lake kwa mpangilio wa kufungua, na pembeni nikaandika kwa kalamu imetoka wapi. Nilianza na ekzosi, kwa sababu ukishaitoa unaweza kumulika tochi ya simu kwenye tundu lake na kuiona pistoni bila kufungua kitu kingine. Niliona michirizi mirefu ya kijivu, imesimama wima. Ringi ilikuwa imeganda kwenye mfereji wake.

Klachi ndiyo iliyonipa shughuli. Nyuzi zake ni za kushoto, kwa hiyo unazungusha kulia ili ifunguke, na mkono uliozoea boliti za kawaida unakataa kuamini. Kabla ya hapo, desturi ni kupenyeza kamba laini kwenye tundu la plagi ili pistoni ipate kizuizi kisichoichubua. Yetu haikuhitaji kamba; ilikuwa imejizuia yenyewe. Boliti nne za silinda zikatoka, nikaipigapiga silinda kwa nyundo ya mpira huku naivuta, ikaachia.

Mjomba aliipokea pistoni, akaizungusha polepole chini ya mwanga wa mlangoni. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo kunoa cheni kusingenipa. Mashine iliyokunywa petroli tupu, alisema, huchubuka pistoni mzunguko mzima, kwa sababu oili haipo upande wowote. Iliyovuta vumbi huchakaa upande wa kabureta, na chuma kinafifia kama kilichopigwa msasa. Yetu ilikuwa imekwanguka upande wa ekzosi tu, ule unaopata joto kuliko mwingine. Upande wa pili uling'aa. Akaniambia nipitishe kidole ndani ya krenki kesi. Kilitoka na utando wa oili.

"Sasa nani kanywa pombe?" akauliza.

Joto la namna ile huja petroli ikiwa kidogo mno kwa hewa inayoingia. Hewa ya ziada ilikuwa inaingia wapi? Tulirudisha silinda kwa muda, tukaziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa vipande vya tyubu, tukasukuma upepo taratibu kwa pampu ya baiskeli, tukapaka povu la sabuni kila kiungo. Povu lilichemka upande wa magineto, kwenye sili ya krenki. Mpira wake ulikuwa mkavu, umekakamaa.

Mjomba bado hakuridhika. Alimwita opereta, akamwuliza kabureta ilitiwa tyuni wapi. Hapahapa Mafinga, kabla ya safari. Mji huu uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi, kwa hiyo skrubu ya petroli tunaibana. Ifakara, kule bondeni, iko chini ya mita 300. Chenso iliyobanwa huku ikishushwa kule inavuta hewa nzito kwa petroli ileile. Ongeza sili inayovuja, ongeza msaji, mti mgumu unaotaka gesi yote mwanzo mpaka mwisho.

Kuijenga upya kulikuwa kazi ya mikono tu, lakini tamu. Aluminiamu ya pistoni iliyogandia silinda niliila kwa kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, nikiipaka kwa pamba kwenye kijiti, glavu mkononi. Gamba gumu la ndani ya silinda halidhuriki nayo, ila ukiidondosha nje inatafuna mwili wa silinda. Ukucha ulipopita bila kukwama, mjomba akaikubali. Sili zote mbili mpya. Pistoni mpya ya milimita 52, mshale ukitazama ekzosi. Mwanya wa ringi ukae kwenye kipini chake, la sivyo ncha itanasa tunduni na kuvunjika. Klipu za pini hazirudiwi, hata ziwe nzuri kiasi gani. Nafasi kati ya koili na flaiwili niliipima kwa vocha ya simu iliyokwanguliwa. Oili, mililita 20 kwa lita ya petroli.

Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikawaka. Mjomba aliitia tyuni kwa sikio: ikiwa haina mzigo na gesi imejaa, sauti ikwaruze kidogo, ikiingia kwenye gogo, isafike.

Tajiri alipokuja, mjomba hakubishana naye. Alimpa pistoni ya zamani mkononi, akamwonyesha upande uliochubuka na upande mzima, akamweleza sili na skrubu. Tajiri alisikiliza, akalipa, akasema suala la opereta ataliangalia. Baadaye nilisikia alimkata nusu. Nilikasirika kuliko opereta mwenyewe, ambaye alikuwa amejiandaa kukatwa yote.

Kabla ya kushuka tena bondeni, opereta alipita kwetu asubuhi na mapema, akanitaka mimi, si mjomba, nimfungulie skrubu kidogo. Msimu ulipokwisha alirudi na malalamiko: huku juu mashine inatoa moshi na haina nguvu. Nikaibana tena, na tangu siku hiyo anatembea na bisibisi yake mwenyewe.