Ukubwa na Ukali wa Tetemeko la Ardhi

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaonya wanaohadaiwa na sura ya nje. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba yafaa pia kuutazama udongo uliobeba msingi. Wakazi wa Mexico City walilipia funzo hilo kwa uhai mnamo tarehe 19 Septemba 1985.

Asubuhi hiyo, tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilizuka katika pwani ya Michoacán, ambako bamba la Cocos, lililo chini ya Bahari ya Pasifiki, huzama polepole chini ya bara la Amerika Kaskazini. Mji mkuu ulikuwa zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo. Kwa kawaida, mawimbi ya tetemeko hufifia kadiri yanavyosafiri. Ajabu ni kwamba baadhi ya mitaa ya mji huo ilitikisika kwa nguvu zilizolingana na zile zilizopimwa pwani. Maelfu ya watu walifariki. Majengo mengi ya ghorofa sita hadi kumi na tano yaliporomoka, ilhali nyumba fupi zilizokuwa kando yake zilisalimika.

Sababu ilikuwa ardhini. Mitaa hiyo imejengwa mahali palipokuwa ziwa Texcoco, juu ya udongo wa mfinyanzi ulio laini na uliojaa maji. Udongo huo uliyumba huku na huko mara moja kila baada ya sekunde mbili hivi, na majengo ya urefu ule nayo huyumba kwa mwendo unaokaribiana na huo. Ardhi ikawa kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati ufaao: kila msukumo ulizidisha uliotangulia. Penye mwamba, katika mji uo huo, mtikisiko ulikuwa takriban moja ya tano tu.

Hapa ndipo umuhimu wa kutofautisha istilahi mbili unapojitokeza. Ukubwa ni wa tetemeko zima, nao ni mmoja. Ukali ni wa mahali, nao hubadilika mtaa hadi mtaa. Hakuna ajuaye siku wala saa ya tetemeko lijalo. Hata hivyo, ukali waweza kukadiriwa kwa kuzingatia ukubwa unaotarajiwa, umbali, aina ya udongo na mahali mpasuko unapotokea: kati ya mabamba mawili yanayosuguana, au ndani ya bamba linalozama.

Jambo hili la mwisho si dogo. Tarehe iyo hiyo, mwaka 2017, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea ndani ya bamba la Cocos, yapata kilomita 120 kutoka mji mkuu. Mtikisiko wake ulikuwa wa kasi zaidi. Safari hii waathiriwa wakuu wakawa majengo ya chini ya ghorofa kumi. Aliyetegemea funzo la 1985 pekee angeyadhania mengi ya majengo hayo kuwa salama.

Basi anayeuliza, "Litakuja lini?" hana budi kuuliza pia, "Likija, hapa tulipojenga patatikisika vipi?" Swali la kwanza halijapata jibu. La pili hujibika, lakini jibu lake huokoa maisha pale tu linapoandikwa katika sheria za ujenzi, na wajenzi wakazitii.