Sifuri si "hakuna"

Kila nikitaja CoffeeScript naambiwa hiyo lugha ilizikwa zamani. Sawa. Jeremy Ashkenas aliitoa 2009, na leo sioni tangazo la kazi linaloitaka. Lakini wanangu, hebu ifungueni jioni moja tu, muone inavyoandika masharti.

Unaandika CoffeeScript, inageuzwa kuwa JavaScript, brauza inasoma hiyo JavaScript. Badala ya === unaandika "is". Badala ya !== unaandika "isnt". Halafu kuna "unless", na hapo sisi tuko nyumbani, maana ni ile -sipo- yetu: mvua isiponyesha, boti itatoka. Kiingereza kinataka neno zima, sisi tunalichomeka ndani ya kitenzi na maisha yanaendelea.

Ila kilichonifanya niandike ni alama ya kuuliza.

Kuna jamaa wa Shimoni anapeleka watu Kisite kwa boti. Alitengenezewa tovuti ya kubuku safari: mtu mzima 4,000, mtoto mdogo bure, yaani 0. Familia moja ya Nairobi ikabuku, wazazi wawili na mtoto, ikaambiwa 12,000. Wakalipa. Kufika gatini, baba mtu katoa simu: mbona tangazo lasema mtoto bure? Jamaa akarudisha 4,000 mbele ya wateja wengine huku akiitwa mwizi. Na Shimoni ni padogo, hadi jioni kila mtu anajua.

Akaniita niangalie. Mstari wenyewe huu:

bei = beiYaMtoto || 4000

Kwa JavaScript, || inaruka chochote inachokihesabu kuwa si kweli, na 0 imo humo. Bei imewekwa kabisa, ni sifuri, lakini inachukuliwa kama haipo. Kwa CoffeeScript ungeandika:

bei = beiYaMtoto ? 4000

Hiyo alama inauliza jambo moja tu: ipo au haipo? Sifuri ipo, basi inapita. JavaScript yenyewe ilikuja kupata ?? mwaka 2020, miaka kumi na kitu baada ya CoffeeScript kuzaliwa. Ndiyo hiyo nimemwekea jamaa.

Sasa wewe uliyetengeneza tovuti ya mtu huku Diani, Ukunda au Msambweni, ifungue usiku huu utafute || zote. Anza na punguzo la 0, amana ya 0, na usafiri wa bure kutoka feri.